Msongamano wa Magari na Ukuaji wa Mji katika Michezo ya Kompyuta

Michezo ya kompyuta haikuzoea kupewa nafasi katika kurasa kama hizi, ambamo msomaji hutarajia kukuta habari za lahaja, za istilahi na za fasihi simulizi. Hata hivyo iko aina moja ya michezo hiyo ambayo yastahili kusomwa kama tusomavyo kitabu. Nayo ni ile ambayo mchezaji hupewa ardhi tupu, fedha kiasi na barabara moja, kisha huachiwa kazi ya kujenga mji. Ndani ya mchezo wa namna hiyo mna nadharia nzima ya mji: kwa nini watu huhamia mahali fulani, kwa nini magari husimama, kwa nini mtaa mmoja hustawi na mwingine huhamwa. Nadharia hiyo haikuandikwa kwa maneno bali kwa hesabu, na kwa sababu hiyo wengi huimeza bila kuitafuna.

Makala haya yanakusudia kuieleza kwa Kiswahili nadharia hiyo, hasa katika jambo la msongamano wa magari na la kupanga ukuaji wa mji. Tumechagua msongamano kwa kuwa ndio unaowashinda wachezaji walio wengi, na kwa kuwa kila mkazi wa miji yetu huujadili akiwa na hakika ya dawa yake, yaani barabara zipanuliwe. Mchezo, pamoja na upungufu wake wote, unaikataa dawa hiyo kwa ukaidi, na ni vyema kujua kwa nini.

Asili ya michezo hii

Mwaka 1984 Mmarekani Will Wright alitoa mchezo wa vita uitwao Raid on Bungeling Bay, ambamo mchezaji huendesha helikopta na kubomoa viwanda vilivyojengwa visiwani. Wright amesimulia mwenyewe kwamba alifurahia zaidi kuvichora visiwa vile, pamoja na barabara na majengo yake, kuliko kuvipiga mabomu. Kutokana na furaha hiyo ulizaliwa mchezo wa SimCity, uliotolewa mwaka 1989 na kampuni ya Maxis, ambayo Wright aliianzisha pamoja na Jeff Braun. Mchezo huo haukuwa na mshindi wala mshindwa, jambo ambalo liliwatia wachapishaji mashaka makubwa mwanzoni.

Katika kutafuta hesabu za kuuendesha mji wake, Wright alikisoma kitabu cha Jay Forrester kiitwacho Urban Dynamics, kilichotoka mwaka 1969. Forrester, mwalimu katika Massachusetts Institute of Technology, hakuwa mtaalamu wa miji bali mhandisi wa kompyuta. Aliingia katika habari za miji kwa kuzungumza na John Collins, aliyekuwa meya wa Boston. Yeye aliuchukulia mji kuwa mtambo ambamo viwanda, nyumba na wafanyakazi huongezeana na kupunguzana kwa kanuni zinazohesabika. Mtambo huo ulimpa jawabu la kushangaza: kwamba nyumba za bei nafuu zinazojengwa na serikali huuzidishia mji umaskini, na kwamba yafaa kubomoa sehemu ya nyumba hizo ili biashara ipate nafasi. Ubishi mkubwa ulizuka. Wakosoaji walionyesha kwamba mji wa Forrester haukuwa hata na vitongoji nje ya mipaka yake, na kwamba jawabu lake lilikuwa limekwisha kutiwa ndani ya mtambo kabla mtambo haujawashwa.

Tumelieleza jambo hili kwa kirefu kidogo kwa sababu linahusu michezo yote iliyofuata. Mchezo wa kujenga mji haumwonyeshi mchezaji mji ulivyo. Humwonyesha mji jinsi mtunzi wake alivyouamini. Katika SimCity ya 1989, kwa mfano, mchezaji aweza kuacha kabisa kujenga barabara na kuweka reli peke yake, na msongamano ukaisha pamoja na moshi wake, kwa kuwa hesabu za mchezo hazikuiona tofauti kati ya kufika kwa reli na kufika kwa gari. Mwaka 2010 Vincent Ocasla wa Ufilipino, aliyekuwa mwanafunzi wa usanifu majengo, alionyesha mji wake aliouita Magnasanti, uliojengwa katika SimCity 3000. Ulikuwa na wakazi kama milioni 6 na haukuwa na barabara hata moja, ila reli za chini ya ardhi. Wakazi wake hawakupita umri wa miaka 50. Yeye mwenyewe aliutoa kama onyo, wala si kama mfano wa kuigwa.

Mchezo tutakaoutumia zaidi katika makala haya ni Cities: Skylines, uliotolewa tarehe 10 Machi 2015. Ulitungwa na kampuni ndogo ya Colossal Order ya mji wa Tampere, nchini Finland, iliyokuwa na watu wapatao 13, ukachapishwa na Paradox Interactive ya Sweden. Kampuni hiyo ilikuwa imekwisha kutoa Cities in Motion mwaka 2011, mchezo wa kuendesha mabasi na treni za mjini. Basi haishangazi kuona kwamba katika Skylines usafiri ndio moyo wa mambo yote. Kufikia mwaka 2022 nakala zilizouzwa zilikuwa milioni 12, na mchezo wa pili wa jina hilo ukafuata tarehe 24 Oktoba 2023.

Kwa nini magari husimama

Tofauti kubwa kati ya SimCity ya zamani na Skylines ni hii: katika ile ya zamani gari lilikuwa picha tu ya hesabu iliyofanyika pembeni, lakini katika Skylines kila mkazi ana jina, ana nyumba, ana mahali pa kazi, na gari lionekanalo barabarani kweli linatoka pale na kwenda pale. Mchezaji aweza kulibofya na kulifuata mpaka mwisho wa safari yake. Kwa kuwa kompyuta ina kikomo, mchezo wa kwanza hauruhusu magari zaidi ya 16,384 yatembee kwa wakati mmoja. Mji ukiwa mkubwa kupita kiasi hicho, baadhi ya safari hazifanyiki kabisa.

Hebu tuangalie mji wa mwanagenzi. Barabara kuu ya mwendo wa kasi inapita kando ya ardhi yake. Yeye anaichukua njia ya kutokea, anaiunganisha moja kwa moja na barabara pana, kisha pande zote mbili za barabara hiyo anaweka maduka, nyumba na viwanda, na kila baada ya hatua chache anakata njia panda. Kwa wakazi elfu moja au mbili mji huu unapendeza. Wanapokuwa elfu kumi foleni inaanza kwenye njia panda ya kwanza, inarudi nyuma mpaka kwenye barabara kuu, na magari ambayo hayana shughuli yoyote mjini yanakwama nayo. Mchezaji anaibomoa barabara ya njia nne na kuweka ya njia sita. Baada ya muda mfupi foleni iko pale pale, na fedha zimekwenda.

Sababu ya kwanza ni kwamba uwezo wa barabara hauamuliwi na upana wake katikati ya safari bali na yale yanayotokea mwishoni, kwenye makutano. Njia sita zikifika mahali ambapo taa huzisimamisha nusu ya muda, ni kana kwamba nusu ya barabara haikujengwa. Makutano mengi yaliyokaribiana huzidisha balaa, kwa kuwa foleni ya moja hufika kwenye jingine na kulifunga.

Sababu ya pili huwashangaza wengi. Dereva wa Skylines ni mtu mwenye nidhamu ya ajabu: akijua kwamba mbele atakata kulia, hushika njia ya kulia mapema sana. Ikiwa magari mengi yanakwenda upande mmoja, basi katika barabara ya njia sita njia moja itajaa mpaka mwisho wa macho na zile nyingine zitabaki tupu. Wachezaji wengi wamewatukana watunzi kwa jambo hili. Lakini foleni ya namna hiyo yatoa habari yenye manufaa: inasema waziwazi kwamba magari yote haya yanataka kwenda mahali pamoja na yana mlango mmoja tu wa kuingilia. Dawa yake ni mlango wa pili.

Sababu ya tatu ni kwamba katika mchezo wa kwanza dereva huchagua njia yake anapoondoka, akitazama urefu wa barabara na mwendo unaoruhusiwa, wala haihesabu foleni iliyopo. Barabara ya njia mbili ina mwendo wa kilometa 40 kwa saa, ya njia nne 50, ya njia sita 60, na barabara kuu 100. Mchezaji akiisha kujua hayo, anaweza kuwaelekeza madereva bila amri yoyote, kwa kupunguza mwendo katika mtaa anaotaka usipitwe na kuongeza mwendo katika ile njia ya kuzungukia. Katika mchezo wa 2023 hesabu zimekuwa za kibinadamu zaidi, maana dereva hupima muda, gharama, starehe na urahisi wa njia, na hutafuta pia mahali pa kuegesha gari.

Hapo ndipo tunapokutana na fundisho ambalo wahandisi walilijua kabla ya kompyuta za nyumbani. Mwaka 1963 Colin Buchanan aliiandikia serikali ya Uingereza ripoti iitwayo Traffic in Towns. Aliufananisha mji na jengo kubwa lenye kumbi na vyumba: kumbi ni za kupitia, vyumba ni vya kukaa na kufanyia kazi, na jengo ambalo watu hupita katikati ya vyumba ili kufika kwingine ni jengo baya hata kama milango yake ni mipana. Barabara nazo ziwe za daraja mbalimbali. Mtaa wa nyumba ufikie barabara ya kukusanyia, ya kukusanyia ifikie barabara ya mkoa wa mji, na hiyo ndiyo ifikie barabara kuu. Barabara iliyo kubwa isiwe na nyumba wala maduka pembeni, na makutano yake yawe machache yaliyoachana. Barabara iliyo ndogo iwe na kila kitu pembeni, na mwendo wake uwe wa polepole. Mwanagenzi wetu aliifanya barabara moja kuwa ukumbi na chumba kwa pamoja.

Kosa hilo huonekana zaidi katika malori, au kamyo kama tunavyosema wengi wetu. Mjini Skylines kiwanda huhitaji malighafi, hutengeneza bidhaa, na bidhaa hupelekwa madukani au huuzwa nje ya ramani. Kila hatua ni lori. Kwa hiyo mtaa wa viwanda hutoa magari mengi kuliko mtaa wa nyumba ulio sawa nao, na kama viwanda vimewekwa nyuma ya mji, malori yote yatapita mjini kati. Mchezaji aliyekwisha kuungua hukipa kiwanda mlango wake mwenyewe wa kutokea kwenye barabara kuu, na baadaye stesheni ya treni ya mizigo. Hata hiyo ina mtego wake. Stesheni ikikaa mahali pabaya huvuta malori ya mji mzima kuelekea kwake, na mchezaji hugundua kwamba ameihamisha foleni tu.

Mbona jambo hili liitwe mchezo, ikiwa ni uhandisi mtupu? Kwa sababu foleni ya Skylines huua. Gari la wagonjwa, la zimamoto, la takataka na la maiti yote hupita barabarani pamoja na mengine. Yakikwama, takataka hulundikana, moto huteketeza, maiti hubaki nyumbani, na baada ya muda nyumba huhamwa. Mtu anayeutazama mji wake ukiangamia hivyo huanza kulitazama kila kutano kwa macho mengine.

Kwenye makutano wachezaji hupenda sana kuweka uwanja wa duara ambao magari huuzunguka pasipo taa. Hapa mwandishi wa Kiswahili anapata shida ndogo yenye kufurahisha. Watanzania wana neno kipilefti, lililotokana na amri ya Kiingereza ya kushika upande wa kushoto, nalo linafaa kwao kwa kuwa magari yao hupita kushoto, kama ya Kenya, Uganda na Zambia. Lakini katika Kongo, Rwanda na Burundi magari hupita kulia, na dereva wa Lubumbashi akiitii maana ya asili ya neno hilo atasababisha ajali. Kwetu watu hulichukua neno la Kifaransa jinsi lilivyo. Sisi tunapendekeza mzunguko, neno ambalo halimwelekezi mtu upande wowote. Mchezo wenyewe, kwa njia, humwuliza mchezaji kabla ya kuanza ikiwa anataka magari ya mji wake yapite kushoto au kulia.

Zaidi ya makutano, iko njia ya kuyapunguza magari yenyewe. Basi la Skylines hubeba watu 30 na treni ya chini ya ardhi 180, kwa hiyo treni moja ni sawa na mabasi sita. Lakini kifaa kilicho rahisi kuliko vyote, na ambacho wanagenzi hukisahau, ni njia ya miguu. Wakazi wa mchezo huu hukubali kutembea mwendo mrefu sana, mradi wawe na njia ya mkato. Daraja dogo la waenda kwa miguu juu ya barabara pana laweza kuondoa magari mengi kuliko kuiongezea barabara hiyo njia mbili.

Je, ulimwengu halisi unakubaliana na mchezo? Kwa sehemu kubwa, ndiyo, ila kwa sababu nyingine. Huko Houston, Marekani, barabara iitwayo Katy Freeway ilipanuliwa kufikia mwaka 2008 hata mahali pengine ikawa na njia 26 ukihesabu na zile za kando, na baada ya miaka michache safari za saa za kazi zilikuwa zimerudi kuwa ndefu. Mwaka 2011 wanauchumi Gilles Duranton na Matthew Turner walionyesha, kwa kuchunguza miji ya Marekani, kwamba barabara kuu zikiongezeka, mwendo unaosafiriwa na magari huongezeka karibu kwa kiasi kile kile. Watu huhamia mbali zaidi, malori huja zaidi, na aliyekuwa akikaa nyumbani hutoka. Mwanahesabu Mjerumani Dietrich Braess alikuwa amekwisha kuthibitisha, mwaka 1968, kwamba kuongeza barabara moja katika mtandao kwaweza kuifanya safari ya kila mtu iwe ndefu zaidi, endapo kila mmoja atachagua njia iliyo bora kwake peke yake. Sasa, mkazi wa Skylines hazidishi safari zake kwa sababu barabara ni nzuri. Hana tamaa hiyo. Upanuzi hushindwa mchezoni kwa sababu ya makutano na njia za magari, na hushindwa duniani kwa sababu hizo pamoja na nia za watu. Mwanafunzi asije akafikiri kwamba mchezo umemthibitishia Duranton na Turner. Umefika kwenye jawabu lao kwa mlango wa uani.

Kupanga ukuaji

Juu ya ukuaji wenyewe tutasema machache zaidi, kwani mengi yametangulia. Mchezo humwonyesha mchezaji nguzo tatu ndogo zenye rangi: kijani kwa mahitaji ya nyumba, buluu kwa ya maduka, manjano kwa ya viwanda na ofisi. Nguzo ikipanda, mwanagenzi hugawa ardhi mpaka ishuke. Nguzo hizo ni kama mtoto anayelia: husema kuna hitaji, hazisemi apewe kiasi gani.

Anayegawa ardhi kubwa kwa mara moja hupatwa na jambo ambalo wachezaji huliita wimbi la vifo. Wahamiaji huingia mjini wakiwa na umri unaokaribiana, nao huzeeka pamoja na hufa karibu wakati mmoja. Ghafla magari ya maiti yanajaa barabarani, makaburi yanajaa, nyumba zinahamwa, wahamiaji wapya wa umri mmoja wanaingia, na wimbi la pili limekwisha kupandwa. Kinga yake ni kuugawa mtaa kidogo kidogo, kwa miaka kadhaa ya mchezo. Hapo kuna ukweli unaopita mchezo, kwa maana mji wowote uliojengwa kwa pupa huzeeka kwa pupa vilevile: mabomba yake hupasuka mwaka mmoja, na shule zake hujaa pamoja na baadaye hubaki tupu pamoja.

Mchezaji mzoefu huacha ukanda mtupu wa ardhi pale ambapo miaka mingi baadaye itapita reli au barabara kubwa. Ukanda huo haumpatii kodi, na nguzo zake zinamlilia aujaze. Akiujaza, siku ya kujenga reli itambidi abomoe nyumba za watu. Katika mchezo kubomoa ni kubofya mara moja, wala hakuna anayelipwa fidia wala anayekwenda mahakamani. Kwa maoni yetu huu ndio uongo mkubwa kuliko wote uliomo, kwa kuwa humfundisha mtu kwamba kosa la mpango hurekebishwa bure.

Maji nayo yana utaratibu wake. Mto wa Skylines unatiririka kweli, na mchezaji anayeweka bomba la maji machafu juu ya mto na pampu ya maji ya kunywa chini yake huwanywesha wakazi wake uchafu wao, halafu hushangaa kwa nini hospitali zimejaa.

Yasiyomo

Yale ambayo mchezo umeyaacha nje ni mengi, na baadhi yaliachwa kwa makusudi. Stone Librande, aliyekuwa mbunifu mkuu wa SimCity ya 2013, alieleza mwaka huo kwamba walipopima maegesho ya magari katika miji ya Marekani waliona kwamba, wakiyaweka kwa ukubwa wake halisi, mji ungekuwa uwanja wa kuegeshea magari. Kwa hiyo wakaamua kuchukulia kwamba magari yako chini ya ardhi. Katika Skylines ya 2015 kuna uficho wa namna nyingine. Gari likikaa mno katika foleni hutoweka, na foleni hupungua yenyewe. Wachezaji waliochoshwa na huruma hiyo walitunga nyongeza zao wenyewe za kuizuia, na mara nyingi mji uliodhaniwa kuwa mzima ulikwama wote kwa siku moja.

Moshi pia. Katika mchezo wa kwanza uchafu wa kiwanda hutandaa ardhini kwa duara, bila kujali upepo. Mchezo wa pili ndio ulioleta hewa chafu inayosukumwa na upepo. Mkazi wa Lubumbashi hahitaji kuelezwa tofauti hiyo. Tangu mwaka 1911 moshi wa tanuri la shaba ulichukuliwa na pepo za kusini-mashariki, na ardhi iliyo kaskazini-magharibi ya bomba lake refu imebaki na sumu ya madini na miti michache, hali upande wa pili haikudhurika kwa kiasi hicho. Mpangaji anayechora duara kwenye ramani atawaweka watu mahali pasipofaa.

Na rangi zile tatu za matumizi ya ardhi, nyumba huku, maduka huku, viwanda kule, hazina budi kumkumbusha msomaji wetu historia ya karibu. Mji wa Élisabethville, ulioanzishwa mwaka 1910, ulichorwa kwa mitaa iliyonyooka, na kati ya mtaa wa Wazungu na ule wa Waafrika uliachwa ukanda mtupu kwa kisingizio cha afya. Ugawaji wa ardhi ulikuwa chombo cha kugawa watu. Mchezo hauna rangi ya namna hiyo, lakini pia haumwulizi mchezaji nani atakaa karibu na kazi yake na nani atatembea saa mbili.

Liko pengo moja lililo zito zaidi. Katika Skylines nyumba haiwezi kuota isipokuwa pembezoni mwa barabara iliyokwisha kujengwa na mamlaka ya mji. Barabara kwanza, mtu baadaye. Katika mitaa mingi ya pembeni ya miji ya Kongo mambo yamekwenda kinyume: mtu alinunua kiwanja, akajenga, jirani akajenga, kijia cha miguu kikawa njia ya baiskeli, kisha ya pikipiki, na mamlaka, kama ilikuja, ilikuja mwisho. Soko nalo haliko katika duka lililopakwa rangi ya buluu bali juu ya barabara yenyewe, mezani na chini, na msongamano wa pale ni wa wauzaji na wanunuzi kabla ya kuwa wa magari. Hesabu za Skylines zingeliona soko hilo kuwa kizuizi. Wauzaji wenyewe wamelipanga pale kwa sababu ndipo watu wanapopita.

Si kwamba kompyuta haiwezi kabisa kukaribia mji wa namna hiyo. Mwaka 2012 shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, lenye makao makuu mjini Nairobi, liliungana na kampuni ya Mojang ya Sweden kutumia mchezo wa Minecraft ili wakazi wajichoree viwanja vyao vya umma; Kibera ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza. Minecraft haina hesabu za magari wala kodi. Ni matofali tu, na nadharia ya mji huletwa na wakazi wenyewe mezani.

Kwa walimu watakaopenda kuijaribu Skylines darasani, mchezo una kifaa cha kuchora ramani, na ramani ya mji halisi yaweza kutiwa humo. Tunapendekeza wanafunzi waanze na reli iliyofika Lubumbashi mwaka 1910 na barabara ya kwenda Kasumbalesa pamoja na malori yake ya madini, waone foleni itaanzia wapi. Wakifika kwenye mitaa ya pembeni, mchezo utawakatalia kuweka nyumba mpaka wachore barabara kwanza. Wanafunzi waandike, kwa kila barabara watakayolazimika kuibuni, ni nyumba za nani zingebomolewa ili ipite.